Ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii au sanaa Bagamoyo: niende wapi?

BintiMoro

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), daraja la pili. Nimerudi Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wiki iliyopita na dirisha la maombi ya vyuo liko wazi, ila nyumbani hatuelewani. Naishi Morogoro mjini.

Tangu kidato cha tatu nimo kwenye kikundi cha ngoma na maigizo cha mtaani kwetu. Tunaitwa kwenye mahafali, kipaimara, Siku ya Wanawake, na karibu na Krismasi huwa tunakwenda makazi ya wazee pale Fungafunga kucheza na kula nao. Mara ya mwisho bibi mmoja alitukatiza katikati ya wimbo, akasema tunaimba vibaya, akatufundisha kiitikio upya mpaka pilau ikapoa. Mimi siku kama ile ndiyo nataka iwe kazi yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu, anataka niende ualimu. Shangazi anasema nisome ustawi wa jamii kwa sababu "wanaajiriwa". Kiongozi wa kikundi chetu anasema nikienda kokote zaidi ya Bagamoyo nitakuwa nimepoteza kipaji.

Maswali yangu:
Ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii vinatofautiana nini kikazi, mtu akishaajiriwa?
Kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kuwachezesha wazee au watoto?
Na nikisoma sanaa nitakula nini?

Naomba majibu ya waliomo kwenye hizo kazi. Asanteni.

---

Mzee_wa_Kihonda

Binti, msikilize baba yako. Soma ualimu, ngoma utapiga Jumamosi.

(Natania kidogo. Nimekaa hapa nasubiri wanaojua, na mimi nina kijana ana swali kama lako, yeye ni wa mpira.)

---

FailiLaKijani

Marahaba mdogo wangu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nilisoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, nikaanzia hospitali ya wilaya, sasa niko ofisi ya halmashauri. Nitakueleza siku ya kazi inavyokwenda, maana sifa za kujiunga zimeandikwa kwenye tovuti za vyuo.

Swali lako la kwanza, jibu lake liangalie kwenye benchi la nje ya ofisi. Anayekaa kwenye benchi langu ni mtu mmoja na shida yake. Namfungulia faili, na faili hilo ni la kwake peke yake. Wanaokaa kwenye benchi la mwenzangu wa maendeleo ya jamii ni kikundi: wamekuja na katiba, muhtasari wa kikao na taarifa ya akaunti ya benki, wanataka mkopo wa asilimia kumi. Hiyo ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, haina riba, nne zinakwenda kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mwenzangu huyo ndiye pia anayeshughulika na vikoba na kufuatilia mashirika yasiyo ya kiserikali, na wiki nyingi yuko vijijini na pikipiki. Yeye anataka kikundi kisimame. Mimi nataka mtoto fulani alale salama leo.

Hata kwenye muundo wa halmashauri tuko mbali. Maendeleo ya jamii ni divisheni yake. Sisi tumo ndani ya divisheni ya afya pamoja na lishe, bosi wangu wa karibu ni mganga mkuu wa wilaya, japokuwa sera zetu zinatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii iliyotenganishwa na ya Afya Januari 2022. Kwa vitendo maana yake ni kwamba gari likiwepo, chanjo inatangulia. Silalamiki, chanjo ni chanjo, lakini ujue kuna siku utakwenda kwenye tukio kwa bodaboda na kwa vocha yako.

Sasa Jumatatu yangu ikoje. Mashauri mengi ni matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kama wanandoa hawajapita kwenye baraza la usuluhishi, hivyo utakaa na watu wazima wanaogombana kuhusu kitanda na mahindi ya ghalani, na wewe una miaka ishirini na nne. Watakuuliza umeolewa? Jiandae.

Nikupe mfano wa matunzo, nimegeuza mambo madogo wahusika wasijitambue. Kijana wa bodaboda na mama wa mtoto wake walishaandikishana kwa mtendaji wa kata: shilingi elfu hamsini kila mwisho wa mwezi. Hajatoa hata mara moja. Kila ofisi aliyopita anaitwa mkaidi. Nikamuuliza pikipiki ya nani. Ya bosi. Hesabu ya kumpelekea bosi ni ngapi? Elfu nane kwa siku. Basi, mtu wa hesabu ya kila siku hana mwisho wa mwezi. Ikifika tarehe thelathini mfukoni ana kile alichopata tarehe thelathini, tena baada ya mafuta. Nikapendekeza awe anapita kwa mama mtoto kila jioni na elfu mbili. Mama akasema, "Mimi huyu sitaki kumuona kila siku," na ni haki yake. Tukamaliza hivi: kwa simu, kila Jumatano na Jumamosi, elfu sita, ujumbe wa muamala asiufute. Piga hesabu uone, kwa mwezi ni karibu ileile elfu hamsini. Na analipa.

Hiyo ndiyo kazi. Watu wakisema ustawi ni kazi ya huruma huwa nakereka, kwa sababu wenye huruma ni wengi sana na ofisi hazipungui foleni. Kinachotakiwa ni kujua maisha ya mtu yanakwendaje mpaka kwenye shilingi.

Kisha kuna mahakama. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 akishtakiwa, afisa ustawi yumo kwenye shauri na anaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Unakwenda kwao, unakwenda shuleni, unaongea na balozi wa nyumba kumi na jirani anayemchukia. Hakimu hana haja ya sentensi ya "mtoto ana tabia nzuri". Anataka kujua nani anamlisha, analala wapi, aliacha shule lini na kilitokea nini wiki ile. Taarifa ikiwa hafifu, mtoto anaweza kupelekwa shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya wakati alikuwa na bibi ambaye angemchukua, ila hakuna aliyemtafuta huyo bibi. Wewe wa HKL utakuja kunishukuru: anayejua kuandika Kiswahili kilichonyooka anafaa sana hapa.

Hospitali ni sura nyingine. Kule unashughulika na msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza, wagonjwa waliotelekezwa wodini, wazee waliokosea dirisha, na maiti isiyo na ndugu. Siku za hospitali ni fupi na nzito.

Swali lako la pili. Mimi sijawahi kuona tangazo la ajira serikalini la mtu wa kuwachezesha wazee tu. Kwenye makazi ya wazee kama hayo ya kwenu Fungafunga, au Kolandoto, au Nunge kule Kigamboni, shughuli hizo zinamwangukia afisa ustawi aliyepo, na yeye ana dawa, chakula, nguo na misiba ya kuhangaikia, kwa hiyo bao na ngoma zinasubiri wageni kama ninyi. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa. Mzee aliyelala tangu saa kumi jioni kwa sababu hana la kufanya, usiku hana usingizi, na asubuhi mnamwita msumbufu.

Lakini kipaji chako hakitakaa bure. Mtoto wa miaka saba analetwa kutoka dawati la jinsia na watoto la polisi. Ukimweka kwenye kiti ukamwambia "haya, eleza ilikuwaje", hapati neno. Mimi kwenye droo nina kopo la kokoto. Nachora duara sakafuni kwa chaki, tunakaa chini, tunacheza mdako. Yeye anarusha, anakokota, anarudisha, macho yako kwenye kokoto wala si kwangu. Simuulizi tukio. Namuuliza kwenu mnachezea wapi, nani huwa anawaita mkale, nani analala karibu na mlango. Mara nyingi jibu la mlango ndilo linalofungua mengine. Watoto wakubwa hawataki mdako, hao nawapa karatasi na kalamu za rangi, au tunaigiza simu: mimi nampigia, yeye anajifanya ni mama yake anapokea. Utashangaa "mama" anasema nini.

Kuhusu ajira, shangazi amesema nusu. Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo wao, unafanya usaili wa mchujo wa kuandika kisha wa mahojiano. Ukifaulu ukakosa nafasi unawekwa kwenye kanzidata, na wapo walioitwa kazini wakiwa wameshasahau kwamba waliwahi kufanya usaili. Wengine wetu tulikuwa tunaishi kwa miradi ya wafadhili ya watoto walio katika mazingira magumu na ya UKIMWI. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya namna hiyo ilifungwa ghafla, na nina wenzangu waliorudi kuuza duka. Usijenge maisha kwenye jina la mradi.

Ushauri wangu: kama unavumilia karatasi, njoo Kijitonyama. Kama unapenda kuzunguka na vikundi, nenda Tengeru, Arusha, kwenye Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Bagamoyo nenda kama unataka kuwa msanii. Ukitaka kuhudumia watu, sanaa ibebe mkononi, cheti kiwe cha huku.

---

NgomaMguuni

Dada FailiLaKijani, heshima yako, kopo la kokoto nimelipenda, nitaliiba. Lakini aya yako ya mwisho umetuonea.

Mimi ni zao la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wakubwa bado wanaita Chuo cha Sanaa, kilianza 1981, kikageuzwa kuwa taasisi na wakala wa serikali mwaka 2007. Watu wanadhani tunakwenda pale kukata viuno ufukweni. Pale kuna ngoma, maigizo, muziki, sarakasi, sanaa za ufundi, kuna mambo ya filamu. Na binti nikupe siri: jifunze taa na sauti. Wacheza ngoma ishirini wanagombania shoo moja ya hoteli, lakini anayejua kupanga maikrofoni na kutengeneza kebo iliyokatika anaitwa na makundi yote ishirini. Mimi miezi ya mvua, shoo zikikauka, nakula kwa mixa.

Sasa habari ya kuhudumia watu. Nchi hii ilitumia sanaa kama kazi ya jamii kabla hata mimi sijazaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na wenzake, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, wakafanya na wanakijiji maigizo juu ya matatizo ya kijiji hichohicho, yaani wanakijiji wenyewe wakatafiti, wakacheza, wakajadili. (Malya hiyohiyo leo ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Mzee wa Kihonda, kijana wako wa mpira apelekwe huko aulize.) Mwaka 1996 watu wa chuo kikuu hichohicho, Amandina Lihamba na Penina, wakaanzisha TUSEME, wasichana wa sekondari wanaigiza yanayowazuia kusoma. Ilianza hapa kwetu, ikachukuliwa na FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana Afrika, mpaka nchi nyingine za Afrika. Hawakuwa maafisa ustawi wale. Walikuwa watu wa jukwaa.

Namna inavyofanya kazi, kwa ambaye hajaona. Wiki iliyopita tulikuwa mnadani. Tunaanza na ngoma mpaka duara lijae. Halafu kipande: binti wa kidato cha pili, mjomba anayemlipia ada, na mjomba anaanza kudai "shukrani". Pale patamu, binti anageuka aseme kitu, tunasimama. Kimya. Mwezeshaji anaingia katikati anauliza: huyu afanye nini? Kila mtu anajua la kufanya! Akamwambie mwalimu, aende polisi, apige 116, simu ya msaada kwa watoto. Mwezeshaji anasema, njoo wewe, vaa kanga hii, mwambie mjomba. Mama wa ndizi akaingia, akamfokea mjomba vizuri kabisa, watu wakapiga vigelegele. Mwenzetu aliyekuwa mjomba hakutoka kwenye uhusika, akamjibu taratibu tu, "Sawa. Na ada ya muhula ujao utalipa wewe?" Mama wa ndizi akakosa la kusema. Hapo sasa ndipo mjadala ulipoanza, ukaenda mpaka tukakosa gari la kurudi. Binti wa watu ada atapata wapi, nani kijijini anasimamia hilo, mtendaji naye yuko pale anasikia. Mkutano wa hadhara hauwezi kukupa hiyo. Ni mwigizaji aliyefundishwa kusikiliza ndiye aliyetoa lile swali.

Kula? Nisikudanganye. Hakuna mwezi unaofanana na mwingine. Kuna hoteli, harusi, sherehe za taasisi, tamasha la Bagamoyo lenyewe kila mwaka, Sauti za Busara kule Zanzibar mwezi wa pili, na kazi za uhamasishaji za halmashauri na mashirika. Kikundi kijisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kifungue akaunti, la sivyo kazi ya maana hamlipwi. Na mtu mmoja kikundini awe anajua kuandika bajeti. Sisi kuna mwaka tulipiga shoo tano kwa shirika moja, tukasahau kuweka usafiri wa vyombo. Ngoma tatu kubwa kondakta anazihesabu abiria wanne.

Halafu kuna ajira pia: halmashauri zina kitengo cha utamaduni, sanaa na michezo. Afisa utamaduni yule unayemuona siku ya Mwenge anakimbizana na vikundi vya ngoma ni mtumishi wa serikali kama wewe. Ila nafasi zao ni chache, hilo nakubali.

---

FailiLaKijani

NgomaMguuni, nakubali kwa mama wa ndizi. Swali la ada lile ningelitumia ofisini kwangu.

Ila nikuulize: siku ile mnadani, binti halisi akikufuata baada ya onyesho akakuambia "yule ni mimi", unampeleka wapi? Huwa wanatufuata, sivyo?

---

NgomaMguuni

Wanatufuata, tena kila mara. Zamani tulikuwa tunabaki tunaangaliana. Sasa hatupandi jukwaani kama afisa ustawi au wa dawati hayupo karibu na uwanja, na tunamtaja mbele ya watu ili wamuone sura. Kwa hiyo ndiyo, tunahitajiana. Ila sikubali kwamba mmoja ni kazi na mwingine ni kibebeo cha mkononi.

---

RefaWaEastlands

Hamjambo majirani. Naandika kutoka Nairobi, naomba niongeze upande wa michezo kwa sababu dada aliuliza juu ya kuchezesha watoto.

Huku kwetu kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare, ilianzishwa 1987. Mimi nilikulia karibu nayo. Ukitazama ligi yao utaona ajabu moja: timu hupata pointi kwa kushinda mechi, na hupata pointi vilevile kwa kujitokeza kusafisha mtaa, kuzoa taka na kufungua mitaro. Timu inaweza kufungwa uwanjani na bado ikapanda kwenye msimamo kwa sababu ya reki na koleo. Watoto wenyewe ndio husimamia: nani amekuja, nani hajaja, refa ni nani. Wengi walioanza wakiandika majina kwenye daftari la timu wakiwa na miaka kumi na mbili, leo ni makocha na waratibu wanaolipwa.

Ndiyo maana nasema kazi ya kuchezesha watoto huanza na daftari. Mimi Jumamosi nikiwa na watoto sitini, mpira ni sehemu rahisi. Ngumu ni kujua kwamba yule nambari saba hajaonekana Jumamosi mbili na hakuna aliyeuliza. Nikienda kwao napata amehamishiwa kwa shangazi, au anauza maji. Hapo naitisha msaada wa afisa wa watoto wa serikali, tuna sheria ya watoto ya 2022 inayompa nguvu.

Kuhusu pesa, nilifanya bure muda mrefu, halafu posho, halafu mkataba. Sitakudanganya dada, bila kazi ya asubuhi nisingeweza. Lakini nilipoomba nafasi ya kulipwa, hayo madaftari ndiyo niliyoweka mezani, na waliokuja na vyeti vitupu walirudi nyumbani.

---

Mzee_wa_Kihonda

Malya nimeiandika. Asante NgomaMguuni.

Na mimi niseme kidogo kuhusu ualimu, nisionekane nilikuwa natania tu. Mwalimu wa Kiswahili aliyepewa kusimamia UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, upande wa ngoma na kwaya, anaishi maisha ambayo huyu binti anayataka, na mshahara unaingia. Ninao jirani wa hivyo. Wakati wa mashindano humwoni nyumbani, na mkewe ameshazoea.

---

BintiMoro

Asanteni sana, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea baba kwa sauti. Alicheka kwenye hesabu ya bodaboda. Kisha akaniuliza, "Huyo wa faili analipwa ngapi?" Nikamwambia hajasema 😅

Nimepunguza. Maendeleo ya jamii nimeitoa, mimi na katiba za vikundi hatutaelewana. Nimebaki na ustawi au Bagamoyo, na naona naegemea ustawi, ila kuna jambo linanitia hofu. Dada FailiLaKijani, yale unayoyasikia ofisini unayapeleka wapi jioni? Pale Fungafunga tu, bibi yule wa kiitikio tulipoaga alinishika mkono hakutaka kuachia, nikalia njia nzima mpaka Msamvu. Sasa mimi nikiletewa mtoto wa miaka saba si nitalia naye?

Na lingine: masomo yakianza ni karibu na Novemba. Kwa muda huu nifanye nini cha maana?

---

FailiLaKijani

Mwambie baba shikamoo. Afisa mwenye shahada anaanzia ngazi ya mshahara ya TGS D, yeye mtumishi mstaafu anaijua hiyo bila mimi kumtajia shilingi.

Kulia. Utalia, na si vibaya. Kinachoharibu ni kulia mbele ya mtoto, kwa sababu ataacha kueleza ili akubembeleze wewe. Watoto walioumizwa wana hiyo tabia, wanawahi kumtunza mtu mzima. Kwa hiyo ukiona macho yanajaa, omba uende kumletea maji. Mimi nina jagi liko mbali na meza kwa makusudi.

Jioni ni suala la utaratibu zaidi. Faili ninaliandika siku hiyohiyo kabla sijatoka, hata kama ni saa kumi na mbili. Nikiliacha kwa ajili ya kesho, usiku nalala nalo. Nikishaandika, nimelikabidhi kwa kabati. Na kuna mwenzangu mmoja, yuko wilaya nyingine, tunapigiana simu Ijumaa, hatutaji majina, tunasimuliana tu. Mafunzo kwa vitendo utakayopelekwa chuoni yatakuonyesha mapema kama mwili wako unaiweza kazi hii. Wapo walioona haiwezekani wakahamia utumishi na rasilimali watu, na wanaishi vizuri.

Muda uliobaki: usiende kujitolea kwenye kituo chochote cha watoto kwa kufuata bango la barabarani. Pita ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa, waambie wakuelekeze kwenye makao yaliyosajiliwa, au warudi nawe Fungafunga rasmi. Chukua barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho cha NIDA, au namba kama kadi haijatoka. Barua yako iwe ukurasa mmoja, kichwa kisomeke kuomba kujitolea, usiandike kuomba kazi, maana itapelekwa masjala ya ajira na hutaiona tena. Sema siku unazoweza na unachoweza: Jumanne na Alhamisi, saa tisa mpaka kumi na moja jioni, kuimba, bao, hadithi. Mkuu wa makazi akiona saa, anajua wapi pa kukuweka.

Na kila ukitoka andika kwenye daftari, kama alivyosema yule refa wa Nairobi. Nani alicheza, nani alikaa pembeni, nani aliomba wimbo gani. Usiandike magonjwa yao wala habari za familia zao, hizo si zako. Usipige picha.

---

NgomaMguuni

Na hicho kiitikio cha bibi kirekodi, kwa ruhusa yake na ya uongozi. Andika jina la ngoma, inatoka wapi, inachezwa msimu gani. Ukibadili mawazo ukaja Bagamoyo, walimu wa ngoma watakigombania. Ukienda Kijitonyama nitumie mimi.

---

BintiMoro

Barua nimeiandika leo, baba ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, amekata "ningependa" zote tatu akaweka "naomba". Kesho saa mbili niko Manispaa. Kaka NgomaMguuni, wimbo nitauulizia, ila kasema mwenyewe siku ile kwamba hauimbwi kabla ya mavuno, kwa hiyo sijui kama atakubali mwezi huu.